Usiombe kutiwa moyo, gawa kazi: nilivyoanza kupunguza uzito na watu wangu

Mimi ni fundi cherehani, nashonea Tandika, Dar es Salaam. Kwenye daftari langu la vipimo vya wateja kuna ukurasa mmoja wenye jina langu mwenyewe. Mstari wa kwanza ni wa Februari 2021: kiuno 112, hipsi 128, uzito kilo 98. Urefu wangu ni sentimita 160. Mstari wa mwisho nimeuandika mwezi uliopita: kiuno 93, hipsi 113, kilo 79. Katikati yake kuna miaka zaidi ya minne. Kuna miezi namba zilishuka, kuna miezi ziligoma palepale, na kuna mahali zilipanda tena.

Namwandikia mtu ambaye ameshajaribu peke yake, kimya kimya, mara tatu au nne, akaishia kuamini kwamba hana msimamo. Nilikuwa huyo. Nilikuwa nanunua ndimu, nakunywa maji ya moto alfajiri, naacha wali siku sita, siku ya saba nakula wa siku zote. Kilichobadilika mara ya tano ni kwamba niliacha kuficha, na badala ya kuomba watu wanitie moyo nikawagawia kazi.

Pale kibandani kwangu gauni moja hupita mikono mingi. Mmoja anakata, mwingine anaunga, mwingine anapiga pasi na kushona vifungo. Hakuna anayesimama pembeni kusema "hongera fundi" kutwa nzima. Lakini mtu akitaka kupungua, anawatangazia ndugu na marafiki, wanamwambia hongera, Mungu akusaidie, na wiki ya tatu hongera zimekwisha. Si kwamba hawampendi. Hakuna aliyeambiwa afanye nini. Mtu ukimpa kazi ndogo inayojulikana, ataifanya hata siku ambayo hana maneno mazuri ya kukuambia.

Kabla ya watu, nenda ukapimwe

Hili nalisema mapema kwa sababu mimi nilichelewa. Nilikwenda kituo cha afya kwa sababu ya kichwa kuuma, nikakutwa na presha ya 168 kwa 104. Muuguzi akaniambia jambo ambalo sikuwahi kulisikia mtaani: si lazima nirudi nilivyokuwa siku ya harusi yangu. Akageuza kadi, akapiga hesabu nyuma yake. Asilimia 5 ya kilo 98 ni kilo 4.9. Akasema kwa watu wengi hizo tano tu zikitoka, presha na sukari huanza kukaa vizuri, na zikifika asilimia 10 nafuu ni kubwa zaidi. Nilitoka pale na kilo tano kichwani badala ya arobaini, na miguu ikawa myepesi kabla sijapungua hata gramu.

Kasi aliyonipa ni nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki, na ikipungua hapo nisiogope. Kama unatumia dawa za presha, usiziache kwa sababu umeanza kutembea. Atakayezipunguza ni daktari. Kama unachoma insulini au unameza vidonge vya kushusha sukari, mwambie daktari kabla hujapunguza chakula, maana sukari inaweza kushuka ghafla ukaanguka. Mjamzito na anayenyonyesha waulize kliniki kwanza.

Mtu wa kupima

Kazi ya kwanza nilimpa binti ninayemfundisha ushonaji. Kila Ijumaa ya kwanza ya mwezi, kabla hatujafungua, anipime na kuandika.

Siku ile ya kwanza alipata aibu. Akaizungusha futi, akaivuta mpaka ikazama kwenye dera, akasema kwa sauti ndogo, "Mia na tano, fundi." Nikamwambia, "Mwanangu, mteja wa sare ya harusi ukimpima hivi, zipu itapanda?" Akanyamaza. Nikamwambia alegeze. Futi ipite katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, ikae juu ya ngozi bila kubana, mtu atoe pumzi kama kawaida, ndipo usome. Akasoma tena: mia na kumi na mbili. Akaandika kwa mwandiko wake wa duara, akapiga mstari chini.

Ukichagua mtu wa kupima, chagua anayeweza kufundishwa kukuambia namba ya kweli. Usimchague anayekuonea huruma, wala anayefurahi ukikwama. Na pima kiuno, si kilo peke yake. Shirika la Afya Duniani linasema kwa mwanamke hatari ya maradhi ya moyo na kisukari huanza kupanda kiuno kikizidi sentimita 80, na hupanda sana kikizidi 88. Kwa mwanaume ni 94 na 102. Kuna mwezi mizani haikusogea kabisa, lakini futi ilishuka sentimita mbili. Bila yule binti ningekata tamaa mwezi ule.

Mtu wa mafuta

Wifi yangu, dada wa mume wangu, tunaishi naye, na siku za kazi yeye ndiye anayepika. Nilijua nikimwambia "wifi, tupunguze mafuta" atasikia kwamba mapishi yake mabaya. Kwa hiyo sikumwambia hivyo. Nilimwomba kitu kimoja: kila tukifungua kidumu cha lita 5, aandike tarehe kwa kalamu nyeusi nene ubavuni, na kikiisha aandike nyingine. Basi. Apike anavyopika siku zote.

Kidumu cha kwanza kilikwisha siku 12. Tuko watu sita. Tulikaa mkekani jioni tukapiga hesabu, kila mmoja wetu alikuwa anakula karibu mililita 70 kwa siku, yaani vijiko vya mezani vinne na nusu. Kijiko kimoja cha mafuta kina kalori 120 hivi. Kwa hiyo zaidi ya kalori 500 kwa mtu, kabla hujahesabu punje ya wali. Wifi alikitazama kile kidumu kitupu kwa muda mrefu, akasema, "Kumbe ni haya." Kesho yake nikamkuta anamimina mafuta kwenye kijiko, anamwaga kijiko sufuriani. Mchicha akaanza kuukaanga kwa nyanya na kitunguu vikatoa maji yake kwanza. Samaki akawachoma badala ya kuwazamisha. Kidumu kilichofuata kilikaa siku 21.

Sikumfundisha mimi. Ile kalamu ndiyo iliyomfundisha. Na kwa sababu kazi ilikuwa yake, aliilinda kuliko ambavyo ningeilinda mimi. Mgeni akishika kidumu, wifi yuko nyuma yake.

Mwanangu wa mwisho, wakati ule yuko darasa la nne, nilimpa kazi ya kusoma chupa. Akakuta soda tunayopenda ina sukari gramu kumi na kitu kwa kila mililita 100. Chupa ya mililita 300 ikawa zaidi ya gramu 30, kama vijiko vinane vya chai. Ushauri wa Shirika la Afya Duniani ni kubaki chini ya gramu 50 za sukari ya kuongezwa kwa siku, na chini ya 25 ikiwezekana. Akanihesabia na chai yangu: vikombe vinne, vijiko vitatu kila kikombe. Siku hiyo nilipunguza kijiko kimoja, mwezi uliofuata kingine. Sasa naweka nusu.

Mtu wa kutembea

Hapa sina mengi. Jirani yangu aliambiwa na daktari atembee kwa sababu ya sukari, na peke yake alfajiri anaogopa giza. Tukapatana: baada ya swala anagonga dirisha langu mara tatu. Kama siendi, ni lazima nitoke mlangoni nimwambie uso kwa uso. Ujumbe wa simu hauruhusiwi. Sharti hilo limenitoa kitandani mara nyingi kuliko kitu kingine chochote, kwa sababu nikishasimama mlangoni nimevaa, naona aibu kumwacha aende peke yake.

Tunaelekea upande wa Uwanja wa Mkapa. Wiki za kwanza tuligeuka baada ya dakika 15, magoti yakilia. Sasa tunatembea dakika 40, siku tano za wiki, na hiyo inapita zile dakika 150 zinazoshauriwa. Vikundi vya jogging vya Jumapili, na fulana zao na nyimbo zao, ni vizuri sana, lakini kama uzito wako ni kama wangu wa mwanzo usianzie huko. Goti likiumia utakaa ndani miezi miwili.

Mtu wa kujibu maneno

Hii ndiyo kazi ambayo watu husahau, na ndiyo iliyoniokoa.

Kwetu mwanamke akinenepa baada ya ndoa husemwa anatunzwa. Akikonda, watu huanza kuhesabu: anaumwa ule ugonjwa, au mume anamtesa, au kuna mke mwenza mahali. Nilipofika kilo 90 shangazi zake mume wangu walikuwa wameshaitana pembeni kwenye arobaini. Mama mkwe akanijia chumbani, akakaa kitandani, akanishika mkono: "Mwanangu, kama kuna jambo, niambie mimi kabla sijaambiwa na watu." Nililia. Alikuwa ananipenda, na mapenzi yale yangenirudisha kwenye sahani.

Kwa hiyo kaa na mwenzi wako mapema, kabla hujapungua, mkubaliane maneno. Mimi nilimwambia Baba Salma: "Kazi yako si kunichunga ninachokula. Kazi yako ni ndugu zako." Na yeye alikwenda mwenyewe kwa mama yake, akamwambia presha yangu ilivyokuwa na ilivyo. Mwezi uliofuata nikamchukua mama mkwe tukaenda kliniki pamoja, akasikia kwa masikio yake muuguzi akisema 138 kwa 86. Tangu siku hiyo, akisikia mtu anasema nimekonda, yeye ndiye anayejibu, na akijibu mama mkwe wangu hakuna anayeongeza.

Baba Salma alikuwa pia na kawaida ya kurudi usiku na chipsi kuku, mfuko wa kaki umelowa mafuta chini. Kila nilipomwambia asilete, alinyong'onyea, maana ndiyo ilikuwa njia yake ya kusema ametukumbuka. Sikumkataza zawadi. Nilimwomba abadilishe iliyomo: papai, au chungwa, au embe msimu wake ukifika. Mtu usimnyang'anye njia yake ya kukupenda bila kumpa nyingine.

Kwenye sinia nilipata shida zaidi. Ukila sinia moja na watu hujui umekula kiasi gani, na ukijitengea sahani unaonekana umejitenga na watu. Ramadhani ya 2021, miezi miwili tu tangu nianze, nilimwomba mama mkwe mbele ya wote anipakulie yeye kwa mkono wake: kipande kimoja cha muhogo, uji, samaki, na mboga nusu ya bakuli. Kwa sababu ni yeye aliyepakua, hakuna aliyeona nimekataa chakula cha nyumba. Kaimati nilikuwa nakula mbili, Alhamisi tu.

Kikoba, na kosa tulilofanya

Tuko wanawake 14 kwenye kikoba chetu, tunakutana kila Jumamosi kununua hisa. Niliona tayari tuna katibu, mweka hazina, daftari na faini. Kwa nini tusiongeze mizani? Nane walikubali. Hapo tukakosea. Tuliweka shindano: kila mmoja atoe shilingi elfu kumi, atakayepungua zaidi ndani ya miezi mitatu achukue zote.

Wiki ya mwisho watu walikuwa hawali. Mimi mwenyewe sikunywa maji tangu Ijumaa asubuhi ili mizani isome kidogo. Mwenzetu mmoja alizimia kwenye foleni ya kupima, akaangukia meza. Mwingine alikuwa ameanza kunywa chai ya kupunguza tumbo aliyouziwa mtaani, akaharisha siku tatu, akadhani ndiyo kupungua. Ni maji tu yalikuwa yanatoka. Mshindi alichukua pesa zake, na kufikia mwezi wa pili baada ya hapo karibu wote tulikuwa tumerudi tulikotoka. Nilijilaumu sana kwa sababu wazo lilikuwa langu.

Tulikaa tukabadilisha kanuni, na hizi ndizo tunazozifuata hadi leo. Hakuna zawadi ya kilo. Faini ya shilingi 500 ni ya kutokuja kupima, si ya kuongezeka. Aliyeongezeka kilo tatu akija hadaiwi chochote. Namba ya mtu anaijua yeye na mweka hazina peke yao. Kinachosemwa kwa sauti mbele ya wote ni jambo moja tu: wiki hii nitafanya nini. Jambo hilo liwe linaonekana kwa macho, kama "nitabeba maji sokoni" au "sitapika chapati kabla ya Ijumaa". Ukisema "nitajitahidi", katibu anakurudisha useme tena. Na anayekaribisha kikao haleti tena sambusa na soda. Analeta matunda, maji, na karanga za kuchemsha. Hilo la mwisho lilizua ubishi kuliko yote, kwa sababu mwenyeji anataka aonekane ameandaa. Tuliliamua kwa kura, ili asiwepo wa kuonekana mchoyo.

Kikundi kama hiki unaweza kukianzisha popote watu wanapokutana tayari: madrasa ya kina mama, kwaya, jumuiya, saluni. Kuunda kikundi kipya kwa ajili ya uzito tu ni kazi ngumu. Kwenye kikoba watu watakuja kwa sababu ya hisa hata wiki ambayo wameshiba keki, na wakishafika watapanda mizani.

Namna ya kuomba

Mtafute mtu akiwa ametulia, si kwenye shughuli. Mwambie jambo moja tu, lenye siku na saa, na mpe nafasi ya kukataa. "Shoga, naomba kila Jumatano jioni unipigie, uniulize nimepika nini. Miezi mitatu. Kama huwezi niambie, sitakasirika." Miezi mitatu ikiisha mshukuru, muulize kama anaendelea. Watu huchoka, na wasipopewa mlango wa kutokea huanza kukukwepa. Na ulipe kwa namna yako: jirani yangu wa alfajiri nimemshonea suruali mbili za kutembelea.

Wa kumwacha pembeni ni anayekuuzia dawa ya kukonda, hata akiwa ndugu; siku utakapokwama, atakachokupa ni chupa nyingine. Mwache pia anayelinganisha. Dada yangu wa damu nampenda, lakini kila neno lake lilianza na "mbona fulani", kwa hiyo sikumpa kazi, na hatukugombana.

Mtu wa kukurudisha

Mpe mtu mmoja kazi hii wakati mambo yanakwenda vizuri, kwa sababu yakiharibika hutaweza kuiomba. Mimi nilimpa shoga yangu tuliyesoma wote shule ya msingi. Nilimwambia: "Nikipotea wiki mbili bila kutembea wala kupima, usinipigie. Usiniulize uzito. Njoo unichukue twende sokoni." Akashangaa, akasema sawa.

Mwaka 2023 mama yangu alifariki. Nilikaa msibani, nikala kilichopikwa msibani, kisha nikarudi nyumbani nikaendelea kula hivyo hivyo. Dirisha likagongwa, nikatoka mlangoni kusema siendi, mara ya kwanza, ya pili, ya kumi. Yule binti nilimwambia asinipime. Kilo sita zikarudi. Nguo zangu za kilo 80 nilizikunja nikaziweka chini ya vitambaa vya wateja ili nisizione.

Siku ya nne baada ya arobaini, saa moja asubuhi, shoga yangu alisimama mlangoni na kikapu cha ukindu mkononi. Hakusema pole tena, alikuwa ameshaisema. Hakunitazama mwili. Akasema, "Vaa ndala, matembele yanakwisha mapema." Tukaenda sokoni Tandika kwa miguu, polepole. Alinunua mafungu mawili ya matembele, nyanya, ndimu na kibua wanne, kila kitu akakigawa nusu kwa nusu kwenye vikapu viwili, cha pili alikuwa amekificha ndani ya kile cha kwanza. Tuliporudi alikaa kwenye ngazi, tukachambua matembele pamoja hadi jua likawa kali, akanisimulia habari za wanawe. Akaondoka.

Kesho yake dirisha lilipogongwa, nilitoka nimevaa viatu.